Unayemlipa kwa Mita Hatakuonyesha Pango

Hotuba za uongozi nimezisikia nyingi. Hutolewa siku ya kuweka jiwe la msingi, chini ya hema, wakubwa wakiwa wamevaa kofia mpya ambazo bado hazijaguswa na vumbi. Siku hizi nikifika kwenye shantie mpya, yaani eneo la ujenzi, siulizi kiongozi ni nani. Naomba karatasi ya malipo. Nikishaona masoni analipwa kwa kipimo gani, mchimbaji kwa kipimo gani, mchomeleaji kwa kipimo gani, najua mapema ni jambo gani litafichwa na nani atalificha.

Hilo nililipata kwenye mradi wa maji hapa Goma, upande wa magharibi, kule Himbi, Keshero na kuelekea Mugunga. Mimi nilikuwa topografu, mpimaji wa ardhi. Kulikuwa na kituo cha pampu kando ya ziwa, bomba kubwa la kupandisha, tangi la betoni (zege) kilimani, kisha mtandao wa kushuka mitaani. Mgeni akifika Goma anashangaa: ziwa lote lile la Kivu liko mlangoni, na bado mama anaamka usiku kupanga mstari na bidoni za njano. Maji yapo, kazi ni kuyapandisha. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Tangi letu lilikuwa zaidi ya mita 100 juu ya ziwa, na kila mita 10 za kupanda zinadai presha ya ba 1. Ongeza msuguano wa maji ndani ya bomba, utaona kwamba kule chini karibu na pampu bomba linabeba zaidi ya ba 10 usiku na mchana. Chini ya bomba la namna hiyo lazima ujue kuna nini.

Na Goma ndipo mahali pagumu kujua kuna nini chini. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano, tabaka juu ya tabaka. Nyiragongo ulitema moto mwaka 1977, ukatema tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege na kushuka hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukarudia, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua barabara na nyumba. Lava ikitiririka, juu inapoa kwanza na kuwa gamba. Ndani bado inakimbia. Ikimaliza kukimbia inaacha utupu. Kwa hiyo unaweza kupiga mwamba wiki nzima kwa marto-pikeri, nyundo ya mashine, hadi mikono inakufa ganzi, kesho yake baramini, mtaimbo wa chuma, ikazama yote kwenye hewa. Wenyeji wanajua hayo. Kuna nyumba choo chake hakijajaa tangu babu alipokijenga, na hakuna anayejua kinaelekea wapi.

Timu zetu za uchimbaji zilikuwa zinalipwa kwa mita. Kila timu na kapita wake, yaani msimamizi; kapita anahesabu mita jioni, analeta daftari, mimi napita na kamba kuhakikisha, mhasibu analipa Jumamosi. Kwenye ofisi mpango huo ulisifiwa sana. Hakuna uvivu, hakuna kusukumana, kila mtu anakula jasho lake. Kusema kweli mitaro ilikuwa inakwenda mbio.

Kisha siku moja lori la kokoto likapita juu ya sehemu ambayo tulikuwa tumekwisha kuifunika, Keshero, na ardhi ikabonyea. Bomba halikupasuka, maana ni la polietilini, plastiki yenye uvumilivu, inapinda kabla ya kukatika. Lakini lilipobonyea lilivuta flanji (kiungo) ya vali iliyokuwa mbele yake, na maji ya majaribio yakatokea kwenye ua wa watu. Tulipofukua tulikuta pango linaloweza kumficha mtu aliyechuchumaa. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na mifuko mitupu ya simenti, majani ya migomba, na juu yake mawe yaliyopangwa vizuri kabisa, kazi ya mtu anayejua kupanga mawe. Halafu mchanga, halafu bomba, halafu udongo. Ukitazama kutoka juu ungesema ni mtaro bora kuliko yote.

Mwakilishi wa kampuni alitaka timu nzima ifukuzwe kabla ya saa sita. Aliyemzuia ni mhandisi mkuu wa shantie, mama mmoja kutoka Bukavu ambaye sote tulimwita Mama Injenyeri. Yeye amekulia kwenye vilima vinavyoteleza kila masika, nadhani ndiyo sababu hakushangazwa na ardhi inayodanganya. Aliita makapita wote, akakaa nao juu ya mabomba, bila meza. Hakuuliza nani amefanya. Aliuliza hivi: mtu akikuta pango saa mbili asubuhi, mpaka jioni limemgharimu nini?

Watu walitazama chini. Mwishowe mzee mmoja wa timu ya baramini, mtu wa Ndosho, akavua kofia na kusema: "Mama, pango linakula siku nzima. Utaita shefu. Shefu ataita topo. Topo atapima, atapiga picha, ataondoka. Sisi tutakaa kungojea betoni ya kujaza. Jioni kapita anafungua daftari, hakuna mita. Mimi nikifika nyumbani niseme nini, kwamba leo watoto watakula pango?"

Topo ndiye mimi. Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa, hatua kwa hatua.

Nimesoma na kufundishwa mambo mengi kuhusu kazi ya pamoja, mengine katika semina za hoteli kando ya ziwa, na sambaza, samaki wadogo, wa kukaanga mchana. Hakuna hata semina moja iliyowahi kugusa swali hilo la Mama Injenyeri. Tunaambiwa watu waseme ukweli, wawe na moyo wa timu, wauone mradi kama wao. Lakini mtu tuliyemwajiri kwa siku tumempa mkataba ambamo ukweli unamnyima chakula, halafu tunamlaumu kwa kukosa moyo. Mzee yule hakukosa chochote. Alisoma mkataba wetu vizuri kuliko sisi tuliouandika.

Mabadiliko hayakuwa ya kishujaa. Malipo ya mita yalifutwa, yakaja malipo ya siku, na kapita hakupimwa tena kwa wingi wa mita peke yake. Timu iliyokuta pango ililipwa siku kamili hata kama imekaa, na juu yake bonasi ndogo kwa kulitangaza kabla ya saa sita, ili tuwahi kulijaza siku hiyo hiyo. Halafu ikaja bonasi kubwa zaidi, na hii ndiyo iliyogeuza shantie: kipande cha bomba kikishafaulu jaribio la presha, bonasi inagawiwa sawa kwa wote waliokigusa. Mchimbaji, mchomeleaji, mama wa kuchekecha mchanga, mlinzi wa usiku aliyelala juu ya mabomba. Fedha hizo hatukuzigawa sisi. Wafanyakazi tayari walikuwa na likelemba zao, vyama vya kuchangiana kwa zamu, na wanajua kuhesabu mbele ya watu bila kelele, tukawaachia wao.

Siku ya jaribio ilibadilika kabisa. Zamani walikuwepo mafundi wawili na manometa, kipimo cha presha. Sasa wanakuja watu wa timu tatu, wanasimama kuzunguka kisanduku cha vali. Bomba linajazwa polepole, hewa inatolewa kwenye sehemu ya juu kabisa; ukiharakisha, hewa iliyobaki ndani inakudanganya kwenye kipimo. Pampu ya mkono inapandisha presha hadi juu ya ile ya kazi, kisha mnasubiri. Polietilini inatanuka kidogo ikishikwa na presha, kwa hiyo sindano inashuka kidogo hata bila uvujaji wowote, na wale wasiojua wanaanza kuzomea. Mzee wa baramini ndiye aliyekuwa anawaelezea vijana: ngojeni, bomba linajinyoosha, tazameni baadaye. Hakusoma hata kitabu kimoja cha mabomba. Alikuwa na sehemu yake katika bonasi, akauliza mpaka akaelewa.

Nisipambe lakini. Mwezi wa kwanza wa mpango huo kila ufa uligeuka pango. Kijana anaingiza kidole kati ya mawe mawili, anapiga filimbi, timu inakaa kivulini. Kampuni ikasema, mnaona? Mama Injenyeri akarudi kwa makapita akawaambia watunge wenyewe kipimo cha pango, kwa sababu fedha ya bonasi ni moja na wanaiba mikononi mwa wenzao. Walikaa, wakatunga. Baramini ya mita moja na nusu iingie yote bila kupigwa nyundo, mbele ya mashahidi wawili wa timu nyingine. Kisicho hivyo ni ufa, jazeni mawe na udongo mwendelee. Mapango yakapungua yenyewe, yakabaki ya kweli. Na hayo ya kweli yalikuwa mengi kuliko michoro yetu ilivyofikiri, hasa kwenye lava ya zamani upande wa Mugunga. Tulianza kutembea mbele ya wachimbaji na baramini, tukipima kila hatua chache, na mara mbili tatu nilihamisha mstari wa bomba barabarani kabla jembe halijagusa ardhi. Ramani bora ya chini ya ardhi niliyowahi kuwa nayo iliandikwa kwenye daftari la kapita, kwa penseli.

Jambo la mazuku lilikuwa zito zaidi, maana pale hufi njaa, unakufa kweli. Upande huu wa magharibi gesi ya kaboni dioksidi, ndiyo mazuku, inatoka ardhini kupitia nyufa. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inakaa kwenye mabonde na mashimo, haina harufu, haina rangi. Asubuhi kabla ya upepo ndiyo saa mbaya. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika. Kila mtu wa Mugunga na Bulengo ana habari ya mbuzi, ya mbwa, au ya ndugu. Wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wamechora sehemu nyingi kwenye ramani. Lakini ukichimba mtaro wa kina cha mita moja na nusu, umetengeneza bonde jipya ambalo haliko kwenye ramani ya mtu yeyote.

Tulinunua vipimo vya gesi, vile vidogo vya kuning'iniza kifuani. Vizuri. Ila havikutosha kila timu, na betri ya mashine haijui kwamba leo ni Jumatatu na umeme ulikatika tangu Jumamosi. Kwa hiyo kanuni ikawa hivi: yeyote, hata kijana wa kubeba maji, akiona mjusi amekufa mtaroni, akisikia miguu mizito au kichwa kinagonga, anasema "mazuku," na wote wanatoka bila kujadiliana. Siku inalipwa. Hakuna kapita wa kumwambia arudi. Kulikuwa na ubishi juu ya kushusha taa au mshumaa kwa kamba, njia ya wazee. Mama Injenyeri alikataa isitumike kama ruhusa: moto ukizimika ondokeni, moto ukiwaka msiseme ni salama, kwa sababu mtu anaweza kudhurika na gesi ambayo bado inauacha moto uwake.

Wazo lililotuokoa muda halikutoka kwetu. Mama mmoja mwenye shamba la maharage jirani na mtaro alikuwa anatutazama kila asubuhi tukikaa kungojea upepo, watu wengi, mikono mitupu. Akamwambia kapita: mbona mnaanzia chini? Mimi shamba langu la bondeni nalilima mchana, la juu nalilima asubuhi. Tukageuza ratiba. Asubuhi timu zote kwenye sehemu za mwinuko, kuanzia saa nne au saa tano upepo ukishaamka tunashuka, na mashimo ya chini kabisa tunayafunika siku ile ile badala ya kuyaacha wazi usiku. Hatukununua kitu. Mpango wa kazi ulikuwa umechorwa kwenye kompyuta, na rangi zake, mtaro ukianza mita sifuri ziwani na kupanda kwa utaratibu. Ulikuwa mzuri kutazama.

Mambo ya uchomeleaji yalifuata njia ile ile, nitayapitia haraka. Mabomba ya polietilini huunganishwa ncha kwa ncha: unazikwangua ziwe safi na sawa, unazibana kwenye sahani ya moto wa nyuzi zaidi ya 200, unaondoa sahani, unazisukuma moja kwa nyingine, plastiki inatoka pembeni kama pete mbili, halafu unasubiri zipoe zikiwa zimebanwa. Kungojea huko ndiko kunakouzwa. Mchomeleaji analipwa kwa kila muungano; dakika za kupoza kwake ni hasara, basi anafungua kibano mapema, na pete kwa macho zinapendeza vilevile. Miungano nayo ikafutiwa malipo ya idadi. Binti aliyeongoza kazi hiyo alianza kuandika kwa kalamu nzito juu ya kila muungano: saa ya kubana, saa ya kufungua, herufi zake. Hakuagizwa. Baadaye wengine wakaiga, na jenereta ilipokuwa inayumba na sahani kupoa, waliandika hata hilo, na muungano huo ukakatwa bila mtu kupigiwa kelele.

Mwanzoni mwa 2024 mapigano yalipofika Sake na barabara ya Minova kufungwa, mchanga wetu wa kulaza bomba ukakatika. Bei mjini ilipanda hadi mhasibu akaacha kutujibu simu. Bomba la plastiki haliwezi kulala juu ya mawe ya volkano, yana makali kama chupa iliyovunjika. Mama wanaoponda kokoto kando ya barabara ndio waliotuambia kwamba kuna changarawe nyeusi laini ya volkano, ile inayovunjika kwa vidole, wao huitupa kwa sababu haifai kwa betoni. Tuliichekecha kwa wavu mdogo, tukalaza kipande kifupi cha majaribio, tukafunika, tukakipitishia lori lenye mzigo mara nyingi, kisha tukafukua. Mama Injenyeri alilipangusa bomba kwa kitambaa akapitisha ukucha juu yake, urefu mzima, amepiga magoti. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mkwaruzo usizidi asilimia 10 ya unene wa bomba. Tulikuta alama za kuonekana, hazikuwa na kina cha kushika ukucha. Tukaendelea na changarawe ile, na mama wale wakawa wauzaji wetu rasmi, na karatasi ya malipo, na sehemu ya bonasi ya presha. Kampuni iliandika katika ripoti kwamba ni ubunifu wa idara ya ufundi. Sawa, ripoti zina wenyewe.

Tangi lenyewe kilimani, ambalo kila mgeni huomba kupigwa picha mbele yake, ndilo lililotupa shida ndogo kuliko yote. Sakafu ilimwagwa mfululizo bila kukatisha, zamu kwa zamu, betonyeri, mashine za kuchanganya betoni, zikinguruma hadi usiku, bugali na maharage vikipandishwa kwa pikipiki. Ugomvi pekee ulikuwa wa maji: wabebaji wanataka betoni laini, inamwagika kirahisi kwenye karai, mwenye koni ya kupima ulaini wake anataka ngumu. Kwa sababu wote walijua tangi likivuja hakuna bonasi, wabebaji wenyewe ndio waliokuwa wanamfukuza mtu anayesogea na ndoo ya maji.

Siku hizi nasaidia kutayarisha devi, makadirio ya gharama, ya mradi mwingine, wa barabara na mifereji ya mvua, bado huku huku juu ya lava. Kwenye orodha ya kazi kuna mstari wa kuchimba ardhi laini na mstari wa kuchimba mwamba, kwa mita za ujazo. Nimeongeza mstari wa tatu: kutafuta na kujaza mapango, pamoja na siku za kungojea kwa sababu ya gesi, zilipwe kama siku za kazi. Mfadhili ameurudisha mara ya kwanza akiuliza tutajuaje idadi ya mapango kabla ya kuchimba. Nimemjibu kwamba hatutajua, na kwamba mkandarasi akilazimishwa kubeba gharama hiyo ataishusha kwa kapita, kapita ataishusha kwa mwenye baramini, na mwenye baramini ana mifuko mitupu ya simenti ya kutosha. Mstari bado uko kwenye devi, wanajadili asilimia.